Masikio Kuziba Ukishuka Kutoka Marangu: Si Uchafu

Watoto, mkishuka na gari kutoka Marangu kuja Moshi, masikio huziba, na wengi huambiwa yamejaa uchafu. Sivyo kabisa. Ndani ya sikio kuna ngoma, ngozi nyembamba inayotetemeka sauti ikiigonga. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa 3 vinavyopeleka mtetemo huo ndani zaidi. Kadiri mnavyoshuka, msukumo wa hewa ya nje unaongezeka na kuibonyeza ngoma. Ikibanwa hivyo haitetemeki vizuri, hata sauti ya konda anayeita "Himo! Himo!" inafifia. Mezeni mate au pigeni miayo: kimrija kinachotoka chumbani humo hadi kooni kinafunguka, hewa inalingana, masikio yanazibuka. Njiti ya kiberiti msiiingize, tafadhali. Inaweza kuitoboa ngoma.