Mashine ya CPAP Nyumbani: Barakoa, Maji na Vumbi

Wagonjwa wengi wanaopewa mashine ya CPAP, yaani ya kusukuma hewa kwa wale ambao koo lao huziba usingizini, huondoka hospitalini wakiamini kwamba wamepewa mtungi mdogo wa oksijeni, na dhana hiyo huwafanya waiwashe zile siku tu wanapojisikia vibaya. Mashine hii haitoi oksijeni. Huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, huichuja, kisha huisukuma bila kukatika hadi kooni, ili njia ya hewa inayolegea na kuziba mgonjwa anapolala ibaki wazi usiku kucha. Daktari Colin Sullivan wa Australia na wenzake waliielezea tiba hii mwaka 1981, na msingi wake ni uleule: usiku ambao barakoa haikuvaliwa, koo litaziba kama zamani, hata kama mwezi mzima uliopita mgonjwa alilala vizuri.

Nguvu ya hewa, ambayo kwa mashine nyingi huwekwa kati ya 4 na 20 kwa kipimo cha sentimita za maji, hupangwa na mtaalamu kulingana na hali ya mgonjwa, kwa hiyo mashine ya shemeji haiazimwi kama mwavuli. Anayeletewa mashine iliyotumika kutoka ng'ambo aihakiki kwanza, kwa sababu mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurejeshwa kwa mamilioni ya mashine zake za kupumulia baada ya kubainika kwamba sifongo ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kumomonyoka, na chembe zake zikavutwa na mgonjwa. Aangalie pia kama kibandiko cha adapta kimeandikwa volti 100 hadi 240. Kama sivyo, asiichomeke kwenye umeme wetu.

Kwa maoni yangu, wanaoikatia tamaa mashine hii mara nyingi wameshindwa na barakoa, si mashine yenyewe. Hewa inapovuja kuelekea machoni, mgonjwa hukaza mikanda. Akikaza, silikoni hujikunja na kuvuja zaidi, na asubuhi anaamka na kidonda juu ya pua. Barakoa irekebishwe mgonjwa akiwa amelala chali na mashine ikiwa imewashwa, mikanda ikilegezwa kiasi cha kuruhusu kingo za silikoni zijae hewa na kujilaza zenyewe usoni. Vile vitundu vidogo vilivyo mbele ya barakoa si hitilafu. Ndipo inapotokea hewa chafu anayoitoa mgonjwa, na kuviziba kwa plasta ili kuondoa kelele ni hatari.

Chandarua nacho kina utaratibu wake. Mashine ikae juu ya kigoda kilicho chini kidogo ya usawa wa godoro, nje ya chandarua, na mpira wa hewa unaounganisha mashine na barakoa upite chini ya pindo, kisha pindo lichomekwe vizuri pande zote mbili za mpira ili mbu wasipate upenyo. Mashine ikiwa chini ya usawa wa kichwa, maji yanayojikusanya ndani ya mpira wakati wa baridi ya Juni na Julai hurudi kwenye tangi la maji la mashine, linaloitia hewa unyevu, badala ya kumdondokea mgonjwa puani.

Suala la maji linahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Visima na chemchemi nyingi zinazouzunguka Mlima Meru zina floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, pamoja na madini mengine. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini madini hubaki na kukolea zaidi kadiri maji yanavyopungua, na tangi la mashine huanza kufanya ukoko mweupe. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa tena bila madini (distilled water), ambayo yaulizwe famasi. Wapo wanaonunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Siwashauri, kwa kuwa hayakufungashwa kwa matumizi ya binadamu, na chupa yake ni rahisi kuchanganywa na ya asidi. Tangi limwagwe kila asubuhi, lioshwe na kuachwa likauke. Ukoko ukianza, liloweke kwa siki sehemu 1 na maji sehemu 10, kisha lisuuzwe.

Barakoa ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwani mafuta ya uso huharibu silikoni. Mpira wa hewa na mikanda vioshwe kila wiki. Vyote vianikwe kivulini. Spiriti na dawa ya madoa zisitumike. Chujio jeupe halifuliwi. Kwa kawaida hubadilishwa kila mwezi, lakini nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi itahitaji jipya mapema zaidi wakati wa kiangazi.

Umeme ukikatika, barakoa ya pua humruhusu mgonjwa kupumua kwa mdomo, na ile inayofunika pua na mdomo ina vali inayofunguka yenyewe. Hata hivyo, akiamka aivue mpaka umeme urudi. Anayenunua betri ya akiba ajue kwamba kipasha joto cha tangi ndicho kinachokula umeme mwingi, hivyo akikizima betri itadumu kwa muda mrefu zaidi. Dereva anayeendelea kusinzia mchana licha ya kuitumia mashine kila usiku aache usukani na arudi kliniki akiwa na mashine, barakoa na mpira wake, kwa kuwa mashine nyingi huhifadhi kumbukumbu za saa za matumizi na uvujaji wa hewa.