Je, wajua kwa nini historia ya Kongwa, kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyokuwa mkoani Dodoma, ni ngumu kuihifadhi?

Kabla ya bunduki, Kongwa ilijulikana kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Ugogoni na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakang'oa vichaka ili wapande karanga za kukamua mafuta. Mibuyu iliwasumbua, mvua ikawanyima, na ule udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga ilikuwa kazi ya sururu. Mwaka 1951 mradi ulikwisha, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Zilibaki nyumba, barabara na ardhi iliyokwisha kufyekwa.

Hivyo ndivyo vilivyohitajika mwaka 1964. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia na kuweka makao Dar es Salaam, na vijana wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa wanarudi kutoka mafunzoni Algeria. Kongwa iko katikati ya nchi, mbali na mpaka wa Msumbiji. Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliofungua kambi hiyo. Baadaye ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola nao wakawa na watu wao hapo. Hata Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambako FRELIMO waliweka kambi yao kubwa, hadithi ni ileile: walikaa kwenye shamba namba 17 la mradi wa karanga, na jina Farm 17 likawaganda.

Sasa tatizo. Ngome ya Mreno pale Kilwa ilijengwa ionekane kutoka baharini. Kambi ya msituni huwekwa ili isionekane. Ukitafuta mnara, hupati. Unachokuta ni nyumba za kawaida zilizopata wakaaji wengine, mahandaki yaliyojaa udongo, na viwanja vya shabaha ambavyo leo ni mashamba ya mtama.

Kigumu kuliko vyote ni majina. Mpiganaji alipofika kambini aliacha jina lake mlangoni, ili akikamatwa asiwaponze ndugu zake nyumbani. Chukua mmoja aliyepita Kongwa: Chris Hani wa ANC. Wazazi wake walimwita Martin Thembisile. "Chris" lilikuwa jina la ndugu yake, akalifanya la vita. Yeye alipata umaarufu, kwa hiyo majina yote mawili tunayajua. Lakini yule kijana aliyekufa kwa malaria akazikwa kwa jina la vita pekee? Mama yake aliulizia jina alilompa yeye, na Kongwa hakuna aliyewahi kulisikia.

Linganisha na Mazimbu, Morogoro. Pale ANC walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Shule ina madaftari, picha, orodha za wanafunzi. Mwaka 1992 ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ikiwa bado na jina hilohilo. Historia ya Mazimbu haikuhitaji kutafutwa kwa tochi.

Ndiyo maana kwa kambi za kijeshi naona kazi ya kwanza ni kusikiliza, ukarabati wa majengo ufuate. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia 1972 hadi ilipovunjwa 1994, alilielewa hilo. Mradi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliobeba jina lake ulikusanya simulizi za wapiganaji na wenyeji, zikachapishwa mwaka 2014 katika juzuu 9. Mwaka uliofuata mzee huyo akafariki.

Hata juzuu 9 hazitoshi. Wapo wanawake wa Kitanzania walioolewa na wapigania uhuru, wakazaa nao, kisha mume akaondoka usiku bila kusema anaelekea wapi, kwa kuwa haikuruhusiwa kusema. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80. Ukimkuta bibi wa namna hiyo, usianze na silaha wala siasa. Muulize walimwitaje huyo mume, alizungumza lugha gani akiwa na wenzake, na kama kuna picha sandukuni. Kisha andika jina kama anavyolitamka yeye.