Roboti za mazungumzo na menyu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Siku hizi watu wanapenda kuchati na roboti kuliko kubonyeza menyu.

Inategemea mtu ana shida gani. Uniti za LUKU zimeisha usiku, anabonyeza *150*00#, menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, na kufuata namba ambazo vidole vimeshazizoea. Ukimtaka aandike sentensi nzima kueleza kwamba anaomba kununua umeme, umemwongezea kazi. Menyu hiyo haihitaji bando, na kwenye kitochi inafunguka vilevile. Huduma za pesa kwa simu zilienea kwa menyu za namna hii tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Penye pesa, mtu anataka kupita hatua moja moja na kuona jina la mpokeaji kabla fedha haijaondoka.

Dhana: Roboti ni rahisi zaidi kwa asiyejua kompyuta.

Nusu yake ni kweli. Menyu inakuonyesha kilichopo, wewe unachagua. Kisanduku kitupu cha roboti kinakutaka uweze kueleza shida yako kwa maandishi, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alikitaja kikwazo hicho mwaka 2023, miezi michache baada ya roboti ya ChatGPT kutoka. Kwetu mzigo ni mkubwa zaidi, kwa sababu akili mnemba imelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili.

Lakini usipojua hata jina la unachokitafuta, roboti inaishinda menyu kwa mbali. Aliyepewa mkataba wa mkopo wenye lugha ya kisheria hana namba ya kubonyeza. Anahitaji kuuliza, kisha aulize tena.

Dhana: Roboti inayojibu kwa ufasaha inajua inachosema.

Hii ndiyo yenye madhara. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alieleza ELIZA, programu iliyokuwa ikirudisha maneno ya mtu kama maswali. Katibu wake, aliyejua fika kwamba ni programu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Binadamu tunavutwa na anayetujibu.

Huko Kanada, roboti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya safari. Ukurasa wa tovuti hiyohiyo ulisema haiwezekani. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti inajitegemea. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Ni uamuzi wa haki kabisa.

Dhana: Lazima kimoja kiue kingine.

Akaunti nyingi za biashara kwenye WhatsApp huanza na vitufe, kisha mteja akikwama anaandika kwa maneno yake. Kinachofichwa mara nyingi ni njia ya kumpata mhudumu mwenyewe, na hicho ningetaka kiwe kitufe cha kwanza.