Betri ya droni haihifadhiwi ikiwa imejaa

Wengi wanaorusha droni au kuendesha magari ya rimoti huamini kwamba betri ya lithiamu polima ikijazwa chaji hadi juu na kuwekwa kabatini, itadumu na kuwa tayari siku ya kuhitajika. Imani hiyo ina chanzo chake: betri za asidi, zile za gari na za sola, ndivyo zinavyopenda kukaa. Zikiachwa tupu huharibika.

Za lithiamu polima ni tofauti. Seli moja (kipande kimoja kati ya vinavyounda betri) ikijaa hufika volti 4.2, na ikikaa hapo kwa wiki kadhaa, hasa kwenye joto, huchakaa upesi. Gesi hujikusanya ndani na betri huvimba. Kukaa tupu nako si salama, maana chini ya volti 3 seli huumia. Iache karibu na volti 3.8 kwa kila seli.

Pima mwenyewe kwa multimita, kifaa cha kupimia volti. Betri ya seli tatu iliyojaa husoma volti 12.6, ya kuhifadhiwa kama 11.4. Chaja nyingi za betri hizi zina mpangilio wa kuifikisha hapo. Kisha ilaze juu ya meza: ikiyumba kama yai, imeanza kuvimba.

Iliyovimba usiichaji tena, wala usiitoboe kutoa hewa (moshi wake ni sumu, na moto hufuata). Itoe nje, mbali na vinavyoungua, hadi uipeleke kwa wapokeaji wa taka za elektroniki. Isiyovimba ikae mbali na godoro na jua. Ukiichaji, usiondoke.