Maji ya kijani kwa vifaranga wa kambare: vuna kabla hayajakolea

Mtu akinitumia picha ya mtungi wake wa maji ya kijani, yaani maji yanayofugwa mwani mdogo wa kulisha viroboto-maji ambao nao huliwa na vifaranga wa kambare, na kuniuliza kama yameiva, mimi humuuliza kwanza: yana siku ngapi? Rangi hudanganya. Mtungi wa siku ya tano wenye kijani cha sukuma wiki changa una chakula bora kuliko wa siku ya kumi na mbili uliokolea hadi ukakaribia weusi. Seli za mwani zinazogawanyika kwa kasi zimejaa protini. Nitrojeni ikiisha majini, seli huacha kugawanyika, hujilimbikizia wanga na mafuta, na nyingine hufa kimyakimya huku mtungi ukizidi kupendeza machoni. Makosa mengi ninayoyaona kwenye vituo vya kutotolesha samaki huku kwetu magharibi mwa Kenya yanaanzia hapo: watu wanasubiri kijani kikolee.

Si kila mfugaji anahitaji kazi hii. Vifaranga wa ngege (tilapia) hula unga laini tangu mwanzo, na bwawa lililotiwa mbolea linawatosha. Mwenye shida ni kambare. Maji yakiwa nyuzijoto 28, mayai yake huanguliwa baada ya takribani siku moja. Kufikia siku ya tatu kifuko cha kiini kimekwisha na kifaranga anataka kula, ilhali tumbo lake halijakamilika na unga haumeng'enyi vizuri. Wengi huwapa Artemia ya mkebe. Hiyo inatoka ng'ambo, bei yake inauma, na kwa kuwa ni kiumbe wa maji ya chumvi, ukimtia kwenye tanki la kambare hufa muda si mrefu na kuchafua maji. Kiroboto-maji wa jamii ya Moina, ambaye siku anayozaliwa hafiki hata nusu milimita, huishi kwenye maji yaleyale ya kambare mpaka aliwe. Lakini naye lazima ale, na chakula chake ni mwani.

Mwani wa kufuga hapa ni Chlorella au Scenedesmus. Ukikuta maelekezo ya Nannochloropsis au Isochrysis, hayo ni mambo ya pwani, mwani wa maji ya chumvi. Chlorella hukua haraka lakini seli zake ni ndogo mno na huchukua muda mrefu kutuama. Scenedesmus hukaa makundi ya seli mbili, nne au nane, na ukizima hewa hushuka chini upesi. Kwa mtu asiye na mashine ya kutenganisha, mimi ningemwambia aanze na Scenedesmus bila kusita.

Maji na mbolea

Maji ya ziwa yaache. Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria, ina Microcystis, aina ya sianobakteria (bakteria wa kijani-buluu), na baadhi yake hutoa sumu inayoharibu ini, sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Pamoja nayo utakuwa umechota wanyama wadogo wanaokula mwani. Tumia maji ya bomba, ya kisima au ya mvua. Ya mvua ni matupu sana: yachanganye nusu kwa nusu na ya kisima, au utie magadi ya kuokea gramu 2 kwa lita 20, la sivyo pH, kipimo cha uchachu wa maji, itayumba kila siku.

Maji hayo yasafishwe kwa klorini. Dawa ya kung'arisha nguo yenye hipokloriti ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, mililita 6 kwa lita 20, funika, acha hadi kesho yake. Kisha uiue klorini kwa thaiosalfeti ya sodiamu gramu 1.4, washa hewa kwa saa moja, halafu upime kwa matone ya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Yakigeuka manjano hata kidogo, klorini bado ipo na mbegu yako itakufa. Watu hukwepa hatua hii kwa sababu maji ya bomba yanaonekana safi. Usafi wa kunywa ni mwingine, usafi wa mwani ni mwingine.

Mbolea ya maabara ina viungo vingi na ni ghali. Kwa chakula cha Moina, za agroveti zinatosha ukizipima vizuri. Tayarisha chupa tatu za lita moja. Ya kwanza: yurea gramu 100. Ya pili: DAP (mbolea ya fosfeti ya kupandia) gramu 30, ichujwe kwa kitambaa kizito maana punje zake huacha tope jeusi. Ya tatu: salfeti ya magnesiamu gramu 50 pamoja na chuma cha EDTA (chuma kinachobaki kimeyeyuka majini) cha asilimia 13, gramu 4. Zote kipimo chake ni kimoja, mililita 1 kwa kila lita ya maji, yaani mtungi wa lita 20 unachukua mililita 20 kutoka kila chupa. Hesabu hiyo inakupa takribani miligramu 50 za nitrojeni na 6 za fosforasi kwa lita. Usichanganye chupa ya pili na ya tatu zikiwa nzito. Fosfeti hushikana na magnesiamu na kushuka chini kama unga mweupe, na mwani hauupati. Zihifadhi kwenye friji. Chupa ya yurea ikianza kunuka kama choo, bakteria wameshaigeuza amonia: imwage.

Kupanda

Mbegu iombe kwenye maabara ya chuo kikuu au ya utafiti wa samaki, chupa ndogo ya mwani mmoja usiochanganyika. Kutoka hapo unapanda ngazi: nusu lita hadi chupa ya lita 5, hiyo hadi mtungi wa lita 20, mtungi hadi beseni la lita 200. Kila hatua mbegu iwe angalau asilimia 10 ya maji mapya. Ukitia mbegu kidogo kwenye maji mengi chini ya jua kali, seli huchomeka na rangi hupauka kabla hazijaanza kugawanyika. Ndiyo maana mtungi mpya huwekwa kwenye kivuli kizito siku ya kwanza.

Jua la Kisumu ni adui kwa namna ya joto zaidi kuliko mwanga. Mtungi wa plastiki uliowekwa juani saa saba mchana hupita nyuzijoto 35 bila shida, wakati mwani huu unapenda 25 hadi 30. Banda la wavu wa kivuli wa asilimia 50 linatosha. Nakuru ni kinyume chake: mji uko juu karibu mita 1,850 na usiku ni baridi, kwa hiyo huko fuga ndani ya nyumba ya nailoni, na utegemee kuchelewa siku mbili tatu kuvuna.

Hewa ipite usiku na mchana. Mapovu yana kazi tatu: yanaleta kaboni dayoksaidi, yanazuia seli kutuama, na yanazungusha kila seli ipate zamu yake kwenye mwanga. Mpira wa hewa upitie kwenye kipande cha pamba kavu. Pampu ikae juu kuliko mtungi, maana stima ikipotea maji hurudi nyuma kwenye mpira, na kama mpira huohuo unahudumia tanki la Moina, umeunganisha shamba na mifugo. Stima ikikawia kurudi, tikisa mitungi kwa mkono kila baada ya saa mbili au tatu. Beseni la wazi lisizidi kina cha sentimita 30, kwa sababu maji yakishakolea, mwanga haufiki chini.

Na funika kwa chandarua. Beseni la maji yaliyotulia magharibi mwa Kenya bila chandarua ni shamba la mbu, na viluwiluwi vyao hula mwani kama Moina tu.

Kuvuna, na kwa nini Moina hufa wakiwa wameshiba

Siku mbili za kwanza huoni kitu. Siku ya tatu hadi ya sita rangi hubadilika asubuhi na jioni. Vuna humo, siku ya nne au ya tano. Kama una hadubini na kioo cha kuhesabia seli, andika hesabu kila siku: siku ambayo ongezeko linapungua kuliko la jana ndiyo siku ya kuvuna. Usipokuwa nayo, gundisha kifuniko cheupe cha chupa kwenye kijiti chenye alama za sentimita, kizamishe polepole kwenye beseni, na uandike kinapopotea. Mimi huvuna kikipotea kati ya sentimita 4 na 6. Toa nusu, jaza maji mapya yenye mbolea, rudia mara mbili au tatu, kisha uoshe chombo na uanze upya na mbegu safi. Kuendelea na mtungi mmoja mwezi mzima ni kulea uchafu.

Sasa jambo linalowasumbua wengi. Unamimina maji mazuri ya kijani kwenye tanki la Moina jioni, asubuhi wamelala chini wote. Mtu analaumu mbegu, au maji ya bomba. Mara nyingi tatizo ni amonia na pH kushirikiana. Mwani ukila kaboni dayoksaidi mchana kutwa, pH hupanda. Mtungi wenye hewa hafifu unaweza kufika 10 saa kumi jioni. Kama mbolea haijakwisha, maji hayo yana amonia iliyobaki. Kwenye pH 7 na nyuzijoto 28, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9.5 inakaribia asilimia 70. Amonia ni ileile, pH ndiyo iliyoifanya iue.

Kwa hiyo usiongeze mbolea siku mbili kabla ya kuvuna, na uvune asubuhi mapema, kwa kuwa usiku mwani hupumua na kushusha pH. Pima kabla ya kulisha, ikizidi 8.5, pulizia hewa kwa nguvu gizani hadi ishuke. Njia ya uhakika zaidi ni kuzima hewa, kuweka mtungi mahali baridi penye giza hadi kesho yake, kumwaga maji ya juu, na kukoroga mashapo ya kijani kwenye maji safi. Mashapo hayo hukaa friji, si friza, kama wiki moja. Yatikise kila siku. Kugandisha hupasua seli, na unachomlisha Moina kinakuwa supu ya kuozesha tanki. Kuna wanaotia shabu ili mwani ushuke haraka. Hushuka kweli, lakini kwa mabonge ambayo Moina hawezi kuyachuja.

Dalili nyingine zisome mapema. Kijani kikigeuka manjano, nitrojeni imekwisha. Povu zito lisilopasuka juu ya maji ni seli zilizokufa na bakteria wanaozila. Utando wa kijani-buluu ukutani wenye harufu ya udongo uliolowa ni sianobakteria. Usijaribu kuuokoa mtungi huo. Na mtungi uliokuwa wa kijani jana ukawa mweupe leo umeingiliwa na rotifa au siliata, viumbe wadogo mno wanaokula mwani: inua tone kwenye mwanga kwa lenzi ya mkononi, utaona vidoa vinavyokimbia. Karibu kila mara wameletwa na mkono au wavu uliotoka kwenye tanki la Moina. Utaratibu wa siku uwe mwani kwanza, Moina baadaye, samaki mwisho, na hakuna kurudi nyuma bila kuosha mikono na kubadilisha vyombo.

Niseme kidogo kuhusu spirulina, sianobakteria ambayo flamingo huila, maana wageni wa Nakuru huona flamingo na kuuliza kwa nini tusiichote ziwani. Spirulina hutaka maji ya magadi yenye pH 9 hadi 11, mahali ambapo Moina hawezi kuishi, na sumu za sianobakteria zimewahi kupatikana kwenye maji ya Nakuru na Bogoria. Ni unga mzuri wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki wakubwa ikifugwa safi. Kazi ya maji ya kijani haiiwezi.

Tanki la Moina lilishe hadi liwe na kijani chepesi, si zaidi. Wakiwa wengi wataling'arisha ndani ya siku moja. Likibaki la kijani siku mbili, umezidisha au wamepungua. Mwani ukikosekana, hamira ya mkate miligramu 20 hadi 30 kwa lita itawashikilia kwa muda, ila tumia kidogo maana mabaki yake huoza. Vuna robo ya Moina kila siku tanki likishajaa. Usipovuna wakabanana, au wakilala njaa, majike huacha kuzaa watoto walio hai na kuanza kubeba yai jeusi la kulala mgongoni. Ukiona weusi huo kwa wengi, punguza nusu ya Moina siku hiyohiyo, badilisha theluthi ya maji, lisha. Mayai yaliyokwisha kudondoka yafyonze chini kwa mpira, yaanike kivulini juu ya karatasi, uyaweke kwenye chupa kavu. Tanki likikufia lote, yatie kwenye maji safi yenye mwanga na hewa, na baada ya siku chache utakuwa na Moina tena.