Memori ikishuka bei, hisa rahisi ndiyo ya kuogopa

Msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, kuna hisa ya kampuni ya chipu inauzwa kwa bei ya mara tano tu ya faida ya mwaka kwa kila hisa. Kwa nini nisiichukue?" Kwa benki ningemwambia aitazame vizuri. Kwa chipu za memori, zile zinazohifadhi data kwenye kompyuta na simu, nilimwambia atulie kwanza.

Memori ina tabia za vitunguu. DRAM (memori ya kazi ya kompyuta na simu) ya Samsung, ya SK Hynix na ya Micron, watengenezaji wake wakubwa, hazitofautiani sana machoni pa mnunuzi. Anayeuza nafuu ndiye anayeuza. Bei ikipanda, wote hupanua viwanda kwa pamoja, na kiwanda huchukua miaka kukamilika, kwa hiyo mzigo unaingia sokoni njaa ikiwa imeshapita. Kibaya zaidi, hela kubwa imeshazama kwenye mitambo. Hata bei ikianguka, mwenye kiwanda anaona afadhali aendelee kuzalisha mradi apate ya umeme na malighafi. Ndiyo maana bei ikianza kuporomoka, huporomoka kweli.

Mwaka 2018 Micron ilipata faida ya rekodi. Mwezi Mei hisa yake ilivuka dola 60, na bado ilikuwa chini ya mara kumi ya faida. Rahisi, sivyo? Desemba ilikuwa karibu dola 30. Ile faida ilitokana na bei za kileleni, na soko lilishaona kilele kinapita.

Kinyume chake kilikuja 2023. Watu walikuwa wamenunua kompyuta kwa pupa wakati wa korona, kisha wakaacha, maghala yakafurika. Katika robo ya mwaka iliyoishia mwanzoni mwa Machi, Micron ilifuta takriban dola bilioni 1.4 kwenye thamani ya bidhaa zilizolala ghalani. Hebu fikiria: chipu nzima, hazina kasoro, lakini vitabuni zinapunguzwa thamani kwa sababu hazitauzika kwa bei iliyotarajiwa. Tarehe 7 Aprili Samsung, iliyokuwa imegoma kupunguza uzalishaji, ikatangaza faida imeanguka kwa takriban asilimia 96 na kwamba sasa itapunguza. Hisa yake siku hiyo ilipanda zaidi ya asilimia 4, kwa kuwa soko liliona mzigo utapungua. Micron nayo, iliyouanza mwaka ikiwa kwenye dola 50 hivi, iliufunga juu ya 80 licha ya hasara ya mabilioni.

Kwa hiyo mimi ukurasa wa faida nausoma mwisho. Naanza na bidhaa zilizoko ghalani, halafu bajeti ya mitambo mipya. Ghala likianza kupungua na bajeti ikikatwa, hapo ndipo naanza kuvutiwa, hata kama magazeti yanaomboleza.

Kisha natazama madeni, na hapa sina mzaha. Kati ya watengenezaji wa memori, Qimonda ya Ujerumani iliomba ufilisi Januari 2009, Elpida ya Japani Februari 2012. Bei zilikuja kupanda tena, ila Elpida ilikuwa imeshaondolewa kwenye soko la hisa la Tokyo, na 2013 ikawa mali ya Micron. Aliyeshika hisa zake akingoja mvua, mvua ilinyesha kwenye shamba la jirani.

Nilimwomba yule msomaji anitumie mizania ya kampuni hiyo, yaani hesabu ya mali na madeni yake. Bidhaa ghalani zimeongezeka robo tatu mfululizo. Hajanunua.