Jamani, mvuke haukushusha bei ya gazeti

Kila anayegusia magazeti ya London ya karne ya 19 anaanza hivyohivyo: mtambo wa mvuke ukaja, gazeti likawa rahisi, watu wakasoma. Hesabu ndogo tu ya peni inalimaliza hilo.

Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times lilichapwa kwa mtambo wa mvuke wa Mjerumani Koenig: karatasi 1,100 kwa saa, upande mmoja. Mtambo wa mkono ulitoa kama 250. Mwaka uliofuata gazeti likauzwa peni 7. Bei ilipanda! Ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwa kila nakala, ulikuwa umefikishwa peni 4, yaani zaidi ya nusu ya bei ni ya serikali. Mvuke uliokoa ujira wa wavuta mtambo, basi; herufi ziliendelea kupangwa kwa vidole, moja moja. Ulichonunua mvuke ni muda: habari za bungeni za usiku zikawahi asubuhi.

Na hiyo stempu, tafadhali, haikubandikwa kama ya barua. Karatasi tupu ilipelekwa Somerset House, ofisi ya stempu ya serikali, ikagongwa muhuri mwekundu, ikarudi kwa mchapaji, ndipo ikaonja wino. Fedha imeshatoka kabla ya nakala moja kuuzwa. Karatasi ikibaki bila mnunuzi, imekwenda na peni zake 4. Nani angechapa lundo kwa kubahatisha, hata mtambo uwe na kasi ya radi?

Muhuri huohuo uliipa nakala haki ya kusafiri bure kwa posta, tena na tena: leo mkahawani London, kesho kwa shemeji mkoani, keshokutwa kwa jirani yake. Hapo ndipo na sisi wenyewe, tunaoandika historia ya magazeti, tunapoyumba. “Mauzo” tunayoyanukuu kwa mbwembwe ni hesabu ya stempu zilizonunuliwa, si nakala zilizouzwa, sembuse wasomaji. Magazeti yaliyokaidi muhuri, kama Poor Man’s Guardian la mchapaji Hetherington (1831–1835) lililouzwa peni 1, hayamo kabisa. Mimi nazitumia hesabu hizo, ila kwa kukunja uso.

Mwaka 1836 stempu ikashushwa hadi peni 1. The Times likawa peni 5. Ulazima wa stempu ukafutwa 1855. Daily Telegraph lilitoka Juni mwaka huo kwa peni 2, na kufika Septemba linauzwa peni 1. Mtambo wa mvuke ulikuwa unazunguka mwaka wake wa 41.